MAZOEZI YA VITA NA MSIBA WA SLAPTON

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja mbele ya machifu, walimu na watu wa vijiji waliokusanyika barazani.)



Nimeombwa niseme habari za mazoezi ya vita, yaani kazi ile ya askari kwenda porini au baharini na kufanya kana kwamba adui yuko mbele yao, ingawa adui hayupo. Juma lililopita, nilipokuwa nikitayarisha maneno haya, kijana mmoja wa darasani mwangu aliniuliza, “Mwalimu, kama vita ni vya kuigiza tu, mtu anakufaje?” Nikamjibu kwa haraka, naye akanyamaza kwa adabu, lakini niliona machoni pake kwamba jibu langu halikumtosha. Basi leo nataka kumjibu yeye pamoja nanyi, polepole, kwa habari ya mambo yaliyotokea kweli.

Kwanza tujiulize, kwa nini askari wacheze vita? Sababu si ngumu. Mvuvi hamfundishi mwanawe kuogelea siku ya tufani, wala mwindaji hamwachi mwanawe arushe mkuki kwa mara ya kwanza mbele ya simba. Kila kazi ya hatari ina siku zake za kujifunzia, wakati kosa halijawa na gharama kubwa. Askari mmoja aweza kujifunza kulenga shabaha peke yake. Lakini watu elfu ishirini hawawezi kujua kwenda pamoja, kula pamoja, kupelekeana habari na kuvuka mto usiku, isipokuwa wamefanya mambo hayo yote pamoja mara nyingi. Katika vita, majeshi mengi yameshindwa kwa kupotea njia, kwa kukosa habari na kwa kuchelewa, hata kabla ya kumwona adui.

Kwa hiyo mataifa makubwa yana desturi ya kugawanya majeshi yao pande mbili, upande mmoja ukaitwa wekundu na mwingine bluu, wakapigana kwa baruti tupu isiyokuwa na risasi. Katikati yao huwekwa waamuzi, ambao husema, “Ninyi mmekufa, kaeni chini,” au, “Daraja hili limevunjwa, tafuteni njia nyingine.” Mwezi wa Septemba mwaka 1941, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, walikusanywa askari karibu 400,000 kwa mazoezi ya namna hiyo. Silaha hazikutosha, basi malori mengine yaliandikwa neno la kuonyesha kwamba ni vifaru, na ndege ziliangusha mifuko ya unga badala ya mabomu. Watu wengine walicheka. Lakini maofisa wakuu hawakucheka, kwa sababu hapo ndipo walipoona nani ajua kuongoza watu na nani hajui, na baadhi ya wale waliokuwa hawajui waliondolewa katika kazi zao kabla ya vita kuwafikia.

Nasi Waafrika tuna sehemu yetu katika habari hizi. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ilipelekwa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Huko walifundishwa vita vya msituni. Mwaka 1944 wakaingia Burma, wakashuka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kuu, bonde lililosifika kwa homa na matope, na mwezi wa Desemba mwaka huo wakafika mto Chindwin, wakauvuka karibu na mji wa Kalewa. Kama wangaliingia bonde lile bila kufundishwa msituni kwanza, wangapi wangalirudi makwao?

Hayo ndiyo manufaa. Lakini kijana wangu hakuuliza habari za manufaa, aliuliza habari za kifo. Basi sasa nitawapeleka mahali paitwapo Slapton.

Slapton ni kijiji cha wakulima katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mbele yake upo ufuko mrefu wa changarawe, na nyuma ya ufuko liko ziwa, kisha mashamba na vilima. Mwaka 1943 majemadari wa Uingereza na Marekani walikuwa wakifanya shauri la kuvuka bahari kwenda kuikomboa Ufaransa, iliyokuwa imetwaliwa na Wajerumani. Walihitaji mahali pa kujaribia. Wakaona kwamba Slapton hufanana sana na ufuko mmoja wa Normandy ambao walikuwa wameupa jina la siri la Utah. Kwa maana huko nako nyuma ya mchanga palikuwa na mabonde yaliyojaa maji. Kwa hiyo nchi ya Slapton ilitakiwa.

Wazee wangu, sikilizeni jambo hili, kwa sababu linatuhusu sisi tulio wakulima. Mwezi wa Novemba mwaka 1943 watu wa Slapton na wa vijiji vya jirani, Torcross, Stokenham, Strete, Blackawton na vinginevyo, waliitwa katika makanisa na kumbi zao. Wakaambiwa kwamba ni lazima wahame wote, pamoja na wanyama wao na vyombo vyao, kabla ya tarehe 20 Desemba. Walikuwa watu kadiri ya 3,000, wenye mashamba 180, katika nchi ya ekari 30,000. Hawakuelezwa sababu yote, kwa kuwa ilikuwa siri. Muda wao ulikuwa wa majuma sita tu, nao ulikuwa wakati wa baridi. Walikuwako wazee ambao hawakupata kulala hata usiku mmoja nje ya kijiji chao. Mizizi iliyokuwa ingali shambani ilibidi ing’olewe, ng’ombe wauzwe au watafutiwe malisho ya kuazima. Wakahama. Tarehe ilipofika, vijiji vilikuwa vitupu, bila moshi wala sauti ya mbwa.

Ndipo askari wa Marekani wakaanza kazi yao. Walishuka ufukoni mara kwa mara tangu mwezi wa Januari 1944. Na mwishoni mwa Aprili yakaja mazoezi makubwa kuliko yote yaliyokwisha kufanywa hapo, yaliyopewa jina la Tiger, yaani chui mkubwa wa Bara Hindi, kuanzia tarehe 22 hata tarehe 30. Askari walikuwa kadiri ya 30,000. Mkuu wa majeshi yote, Jemadari Eisenhower, alitaka mizinga ya manowari ipige makombora ya kweli, ili vijana waliokuwa hawajaona vita wazoee sauti yake na harufu yake. Hapo mnaona, mabwana, kwamba mpaka kati ya kuigiza na kupigana ulianza kuwa mwembamba. Asubuhi ya tarehe 27 saa ya kushuka iliahirishwa kwa muda wa saa moja, lakini mashua nyingine hazikupata habari hiyo, zikashuka kwa saa ya kwanza. Hilo lilikuwa onyo. Watu waliokuwa katika mazoezi yale yale walikuwa wakifuata saa mbili mbalimbali.

Usiku wa kuamkia tarehe 28, meli nane za kubebea vifaru zilikuwa zikienda safu moja, polepole, katika ghuba ya Lyme. Zilijaa askari, malori na mafuta. Zilipaswa kulindwa na manowari mbili. Lakini moja ya hizo, iitwayo Scimitar, ilikuwa imegongana na chombo kingine, ikatoboka, ikabaki bandarini Plymouth ili itengenezwe. Manowari nyingine ilitumwa badala yake, lakini ilichelewa. Hivyo palikuwa na mlinzi mmoja tu, manowari ndogo iitwayo Azalea, iliyotangulia mbele. Nyuma ya safu hapakuwa na mtu.

Usiku huo mashua tisa za mbio za Wajerumani zilitoka Cherbourg, ng’ambo ya bahari, zikafika mpaka pale. Waingereza waliokuwa wakilinda waliziona, wakapeleka habari kwa simu ya upepo, na Azalea ilipata. Lakini zile meli nane hazikusikia neno. Kwa nini? Kwa sababu karatasi zenye namba za mawimbi ya redio zilikuwa zimepigwa taipu kwa makosa. Meli zilikuwa zikisikiliza wimbi moja, na onyo likapita katika wimbi jingine. Hapakuwa na haini wala mwoga katika jambo hilo. Ilikuwa namba iliyokosewa katika karatasi, wala hapana mtu aliyeisoma mara ya pili kuihakikisha.

Ilipokaribia saa nane za usiku adui alianza kutupa topedo. Meli moja ilishika moto kutoka mbele hata nyuma, na ya pili ikazama kwa muda wa dakika zisizozidi saba. Ya tatu ilipasuliwa tezi, lakini ikajikokota mpaka bandari ya Dartmouth. Askari wengi walidhani kwanza kwamba ni sehemu ya mazoezi. Wakajitupa katika maji ya baridi kali.

Tena hapo lilionekana kosa jingine. Askari walikuwa wamepewa mikanda ya kuelea, ya kupuliziwa hewa. Mkanda huo ulipasa kufungwa juu, chini ya makwapa. Lakini kwa sababu ya mizigo waliyovaa mgongoni wengi waliufunga kiunoni, wala hapana aliyewafundisha vyema. Ulipojaa hewa ulimpindua mtu, miguu ikawa juu na kichwa chini ya maji. Hivyo kitu kilichotengenezwa ili kuokoa kikaua, kwa kuwa hakikufunzwa.

Amri ilikuwa meli zilizosalia zikimbilie bandarini zisije zikapigwa nazo. Nahodha mmoja, John Doyle wa meli namba 515, alirudi nyuma gizani kuwaokota waliokuwa wakielea, akaokoa zaidi ya watu mia. Hesabu ya waliokufa usiku ule, ambayo ndiyo itajwayo sana, ni watu 749: askari wa nchi kavu 551 na mabaharia 198. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyekuwa ameshuka Normandy bado. Watu hao walikufa katika kujifunza.

Palikuwa na hofu nyingine tena. Miongoni mwa waliopotea walikuwamo maofisa kumi waliojua siri ya mahali pa kushambulia Ufaransa. Kama mmoja wao angalichukuliwa mateka na kusema, shauri lote lingaliharibika. Wakatafutwa mmoja mmoja mpaka miili ya wote kumi ikaonekana. Waliookoka waliambiwa wasitoe neno, na hata madaktari waliowatibu walikatazwa kuwauliza habari. Wengine walikaa na jambo lile moyoni kwa miaka mingi sana, pasipo kulisema hata kwa wake zao.

Sasa nakuja katika swali gumu. Je, watu wale walikufa bure? Nimelifikiri sana, nami nitawaambia kama nilivyoona. Baada ya msiba ule makosa hayakufichwa kwa wale waliokuwa na kazi ya kuyatengeneza. Namba za mawimbi ya redio zilifanywa kuwa moja kwa Waingereza na Wamarekani. Askari walifundishwa kufunga mikanda ya kuelea. Zikawekwa mashua ndogo za kuwaokota watakaoanguka majini. Ilipofika tarehe 6 Juni 1944, siku yenyewe ya vita, zaidi ya watu 20,000 walishuka katika ufuko wa Utah. Na Divisheni ya 4, ambayo ndiyo iliyotangulia kushuka na ndiyo iliyofanya mazoezi Slapton, ilihesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea siku hiyo kuwa 197. Linganisheni hesabu hizo mbili. Mazoezi yaliua wengi kuliko siku ya kushuka yenyewe.

Basi sitasema walikufa bure. Lakini wala sitasema kwamba ilikuwa lazima wafe. Namba ingaliweza kuhakikishwa kwa dakika tano. Mkanda ungaliweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Wahenga walisema kwamba kujikwaa si kuanguka. Nami naongeza, ajikwaaye atazame jiwe, alitoe njiani, ili mwenziwe ajaye nyuma asijikwae pale pale. Kama halitoi, kujikwaa kwake hakukumfaa mtu.

Na wale wakulima je? Tangu katikati ya mwaka 1944 walianza kuruhusiwa kurudi, kidogo kidogo. Walikuta madirisha yamevunjika, nyua zimeanguka, kanisa limepasuka, panya wamejaa nyumbani, na katika mashamba yao mabaki ya makombora. Wengine hawakurudi kabisa. Mwaka 1954 jeshi la Marekani lilisimamisha nguzo ya mawe ufukoni pale, yenye maneno ya kuwashukuru watu wale kwa kutoa nyumba zao na mashamba yao. Ilikuwa heshima njema. Lakini nguzo ile haikutaja waliokufa majini. Miaka thelathini ikapita, hata mwaka 1984 mwenyeji mmoja, Ken Small, alipokitoa baharini kifaru kilichozama, akakiweka Torcross, kiwe ukumbusho wao. Kipo hata leo.

Mabwana machifu, hamkuja hapa kusikia habari za Uingereza peke yake. Katika nchi yetu pia yako maeneo ambako majeshi, ya kwetu na ya kigeni, hufanya mazoezi. Mnajua habari za Archers Post na Dol Dol, kaskazini mwa Kenya. Huko, kwa miaka mingi, wachungaji wa Kisamburu na Kimasai waliokota vyuma vilivyoachwa ardhini baada ya mazoezi, wasijue ni nini; vikalipuka. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono au macho, na wengi wao walikuwa watoto. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa watu zaidi ya 200. Ni fedha nyingi. Lakini mkono wa mtoto haununuliwi sokoni. Wazee husema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Hapa tembo hawakupigana hata kidogo, walikuwa wakijizoeza tu, na nyasi ziliumia vile vile.

Kwa hiyo naomba kuwaachia maneno matano, ambayo mkuu wa mahali anastahili kuyauliza kwa adabu, bila hofu, siku atakapoletewa habari kwamba askari watafanya mazoezi katika nchi ya watu wake.

La kwanza, mazoezi yataanza siku gani na kwisha siku gani, na mipaka yake ni ipi? Watu waonyeshwe mipaka hiyo kwa macho yao, mto huu na kilima kile, si kwa ramani peke yake.

La pili, je, ni baruti tupu, au ni risasi na makombora ya kweli?

La tatu, ni nani atakayetafuta na kuharibu yasiyolipuka, na ni lini atatoa hati ya kusema kwamba nchi imesafishwa? Mifugo isirudishwe kabla ya hati hiyo.

La nne, mazao, maji na malisho yatakayoharibika yatahesabiwa na nani, na kulipwa na nani? Hesabu iandikwe kabla ya mazoezi, isingojewe baada yake, maana maji yakimwagika hayazoleki.

La tano, moto ukiwaka porini, au mtu akiumia, aitwe nani, na kwa simu gani? Namba hiyo ihakikishwe kwa kuipiga. Kumbukeni ile karatasi ya Slapton.

Kwenu walimu nina neno moja. Wafundisheni watoto kwamba chuma kisichojulikana hakiguswi. Kisipigwe jiwe, kisitupwe motoni, kisipelekwe nyumbani wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mtoto akikiona, asimame, arudi kwa njia ile ile aliyoijia, aweke alama mbali nacho, kisha aende mbio kumwambia mtu mzima. Na mtu mzima apeleke habari kwa chifu au polisi. Wala msiseme jambo hili mara moja tu. Lirudieni kila muhula, walifanye kwa miguu na mikono yao, mpaka wawe wanalitenda bila kufikiri. Hayo nayo ni mazoezi, na faida yake ni ile ile: mwili ukumbuke wakati akili imeshikwa na hofu.

Sasa namjibu kijana wangu, ambaye namwona ameketi pale nyuma. Mwanangu, uliuliza mtu afaje katika vita vya kuigiza. Jibu ni hili. Adui peke yake ndiye awezaye kuigizwa. Bahari haiigizwi, wala giza, wala chuma, wala kosa la karani. Hivyo vyote ni vya kweli tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu mwenye kuwaongoza wenziwe katika mazoezi, awe jemadari au awe mwalimu anayewavusha watoto mtoni, na aangalie kama vile siku yenyewe imekwisha kufika.

Nimekwisha. Mwenye swali na asimame aulize.